Mdhamini wa Mzee Asiyemjua

Habari ya kifo cha mdogo wangu ililetwa na mzee ambaye, kama mambo yangekwenda yalivyopangwa, tusingemjua kabisa. Nilikuwa kwenye cherehani napiga pindo la sketi ya shule, na mlango wa karakana ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Alisimama kizingitini, akavua kofia. Hakubisha hodi. Mzee huyu hubisha hodi hata kwenye mlango ulio wazi, hata akitoka uani tu kuchota maji. Nikaacha kukanyaga pedali.

"Binti yangu," akasema, "weka kwanza hiyo nguo chini."

Nikaiweka.

"Nilikuwa naye. Alinishika mkono huu hapa. Hakuhangaika sana."

Sikulia wakati ule. Nilimuuliza kama amekunywa chai, akasema hajanywa, nikabandika maji jikoni. Tulikaa wote wawili tukiyatazama yakichemka mpaka yakakaukia kwenye sufuria, na hakuna aliyeinuka. Kisha nikaenda kumwambia mama.

Siku ya mazishi mimi ndiye niliyesoma wasifu wa marehemu kanisani. Ulikuwa mfupi: alizaliwa, akasoma, akarithi kazi ya baba, akaugua, Bwana akamtwaa. Yote ni kweli. Lakini waliomjua walikuwa wakitazamana wakati nasoma, na mmoja wao aliniambia baadaye, "Dada, umemsoma mtu mwingine." Kwa hiyo nayaandika haya mengine hapa.

Mdogo wangu tulimwita Sponji. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, kwa sababu aliweza kukata sponji la kochi kwa macho tu, bila kupima, na likaingia kwenye fremu kama limezaliwa humo. Mama peke yake alimwita kwa jina la ubatizo, na ukilisikia ujue kuna kosa. Alikuwa kitinda mimba. Baba alipofariki alituachia karakana yenye vyumba viwili: mimi na cherehani yangu mbele, Sponji na makochi yake nyuma. Siku nzima tulisikilizana kupitia ukutani, mimi na mashine yangu, yeye na nyundo yake na misumari aliyokuwa akiishika kwa midomo.

Alipenda kuvua kitambaa kikuukuu kuliko kushona kipya. Alisema ndani ya kochi kuna habari za nyumba nzima. Alikuta vifungo, meno ya vitana, penseli, na mara moja jino la bandia. Kila alichokuta alikiweka kwenye bati na kumrudishia mwenyewe kwa heshima zote. Yule mama wa jino alikana kabisa kwamba ni lake. Sponji akamwambia, "Basi ni la mgeni, mama. Akija tena umpe." Mama yule alilichukua.

Alivuta bangi. Nalisema mapema ili msomaji asidhani nimemficha. Mama alifunga na kuomba kwa ajili ya jambo hilo. Mimi nilimwombea pia, na nilimgombeza, na sijui kipi kati ya hivyo viwili kilimwingia kidogo zaidi. Akisemwa aliinamisha kichwa, akasema, "Kweli kabisa, dada," kwa upole wa kukukata maini. Kisha alivuka barabara kwenda kwa Kinyozi.

Kinyozi alikuwa na banda lake mbele yetu, upande wa pili. Alilelewa na bibi yake. Bibi alipofariki alibaki na mashine ya kunyolea na marafiki wawili: mdogo wangu, na fundi wa mafriji tuliyemwita Barafu kwa sababu hakuna kilichoweza kumharakisha. Mtu angemletea friji lenye nyama ndani inayoanza kunuka, na Barafu angeanza kwa kuvuta kiti na kulitazama. Watatu hao walikuwa pamoja tangu darasa la kwanza. Jioni walikaa kwenye benchi la Kinyozi, moshi ukitoka dirishani, wakicheka mambo ambayo ukiyasikiliza kwa makini hayakuwa na kichwa wala miguu.

Mzigo wao wa bangi waliuweka kwa Kinyozi, ndani ya kopo la poda. Juu ya rafu kulikuwa na makopo mawili yanayofanana, na Kinyozi alijua lipi ni lipi, isipokuwa siku aliyokuwa amevuta. Siku moja kama hiyo alikuja mteja mpole, akanyolewa vizuri, na mwisho Kinyozi akachukua kopo na kumpaka shingoni.

Mteja akanusa. "Fundi, hii poda gani?"

"Ya mimea, mkubwa. Haina kemikali."

Mteja alikuwa askari kanzu. Alikuja kunyolewa tu, hakuwa na habari na mtu. Barafu anasema yule bwana alikaa kwenye kiti muda mrefu akijitazama kwenye kioo, kama mtu anayeona aibu kuanza kazi.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Yangu."

"Na hawa wawili kwenye benchi?"

"Wanasubiri kunyolewa."

Askari akamtazama Sponji, ambaye juzi yake tu alikuwa amenyoa kichwa chote kikabaki kinang'aa.

"Huyu anasubiri kunyolewa nini?"

"Ndevu."

"Hana ndevu."

"Ndiyo maana anasubiri," akasema Kinyozi.

Askari alicheka, kisha akamchukua Kinyozi peke yake. Sponji alirudi karakana, akakaa kwenye fremu tupu ya kochi. Nilimkuta hapo, hajala.

"Dada, lile kopo lilikuwa letu sote," akaniambia. "Naye hana mtu. Akipelekwa rumande nani atamtoa? Ni mimi."

Nilimwambia hilo ndilo neno la kwanza la mtu mzima nililolisikia kinywani mwake. Toka siku ile hakuwa na jambo jingine kichwani. Hata maombi ya chakula, ikifika zamu yake, alimtaja Kinyozi kabla ya chakula.

Hakimu alitaka wadhamini wawili, watu wenye kazi inayojulikana na barua kutoka serikali ya mtaa. Sponji na Barafu walikuwa nazo. Nilimpigia pasi shati jeupe, mama akawaombea mlangoni kwa kuwawekea mikono vichwani, nao wakaondoka kama watu wanaokwenda kuoa. Wasichotuambia ni kwamba kabla ya kufika mahakamani walipita mahali wakavuta, ya kuondoa woga.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Barafu, na kwa kuwa Barafu alikuwa nusu usingizini, mengine nimeyapata kwa karani wa mahakama, anayeshonesha sare za watoto wake kwangu. Mlinzi wa mlangoni aliwaelekeza chumba cha pili. Wakaingia cha tatu. Feni ilikuwa inapiga kelele, karani anasoma majina kwa sauti ya kujisomea mwenyewe, na Sponji alikuwa amevaa miwani myeusi kuficha macho. Hakimu akamwambia aivue. Alipoivua aliona aibu, akainamisha uso akitazama viatu vyake, na hakuuinua tena mpaka kazi ilipokwisha. Walikuwa wameambiwa mtu wao ni mshtakiwa namba tatu. Hakimu alipouliza wadhamini wa mshtakiwa namba tatu wako wapi, wote wawili wakasimama.

"Unamfahamu mshtakiwa?" hakimu akamuuliza Sponji.

"Kama mdomo na pua, mheshimiwa."

"Tangu lini?"

"Tangu utotoni."

Hakimu akatazama kizimbani, akamtazama tena Sponji. "Utoto wa nani?"

"Wangu, mheshimiwa."

Watu wakacheka. Sponji alidhani wanacheka viatu. Wakaonyeshwa pa kutia sahihi, wakatia. Kisha wakaenda kusubiri nje ya geti. Muda si mrefu akatoka mzee mwembamba, mwenye mvi, ameshika mfuko wa plastiki na kiatu kimoja hakina kamba. Akaja moja kwa moja mpaka walipo.

Barafu akamtazama juu mpaka chini. "Jamani," akasema, "siku chache tu. Angalia walivyomzeesha."

"Nyinyi ndio mlionidhamini?" akauliza mzee.

Barafu anasema hapo ndipo bangi ilipomtoka yote kwa mpigo, kama maji ya ndoo.

"Mwanangu ndiye aliyewatuma?" Mzee akauliza tena. Macho yalikuwa yanamlengalenga. "Nilijua tu. Nilijua hatanitupa."

Sponji akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo," akasema.

"Hajambo? Ameshaoa?"

"Ameoa," akasema Sponji.

"Ana watoto wawili," akasema Barafu, akitaka kusaidia.

"Watatu," akasema Sponji kwa wakati ule ule.

Walimwacha mzee kivulini, wakarudi ndani kumtafuta karani. Aliwaeleza polepole, jinsi unavyowaeleza watoto. Wameshamdhamini mtu, na hawawezi kumdhamini mwingine mpaka kesi ya huyo iishe. Wakitaka kujitoa, wamlete, wajitoe, naye atarudishwa rumande mpaka apate wadhamini wengine. Na akitoroka, watamtafuta wao.

"Tumlete leo?" akauliza Barafu.

Sponji alikuwa anachungulia dirishani. Mzee alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro, anafunga kiatu chake kwa ukanda aliouchana kwenye mfuko. "Leo amechoka," akasema Sponji.

Ndivyo mzee alivyokuja kuishi katika karakana yetu. Walimleta kwa sababu waliogopa atatoroka. Alikuwa mlinzi mstaafu, anashtakiwa kuiba baiskeli ya bosi wake wa zamani, baiskeli ambayo bosi huyo alimruhusu kuitumia na ruhusa yenyewe haikuwa na shahidi. Hakuwa na mpango wa kutoroka popote. Siku ya pili tu alichukua koleo, akaanza kung'oa misumari mikuukuu kwenye fremu na kuinyoosha kwa nyundo, mmoja mmoja. Alilala kwenye makochi ya wateja. Mama mmoja alikuja asubuhi kuchukua kochi lake akakuta mzee amelala juu yake, kofia usoni.

"Huyu nani?" akauliza.

"Tunalijaribu, mama," akasema Sponji. "Kochi likimlaza mtu mzima, halina kasoro."

Mimi nilikasirika. Nilimwambia Sponji ametenda dhambi mbili, ya moshi na ya uongo, na katikati ya hizo mbili amemwacha rafiki yake anaoza rumande. Nilimwambia niko tayari kuwa mdhamini mmoja wa Kinyozi, atafute wa pili. Nilizunguka mwenyewe kwa watu wa kanisani. Kila mmoja aliahidi kumwombea Kinyozi, na hakuna aliyetaka kuandika jina lake kwa ajili ya mtu wa bangi. Basi ilibaki kesi ya mzee iishe, au mzee arudishwe ndani.

Tulikwenda gerezani siku ya kuona wafungwa, mimi na Sponji, na sabuni na dawa ya meno. Kinyozi alikuja upande wa pili wa wavu. Alikuwa amekonda. Sponji alimweleza yote bila kujitetea, kuanzia miwani mpaka wajukuu.

Kinyozi alisikiliza mdomo wazi. "Kwa hiyo mimi niko humu, na mzee wa watu yuko kwenye kochi langu?"

"Si kochi lako. La mteja."

"Anakoroma?"

"Kama jenereta."

Hapo Kinyozi alicheka mpaka akashika wavu kwa mikono miwili, na askari akamwambia ajiheshimu. Sponji alikuwa hacheki.

"Sema neno moja tu," akamwambia. "Ukisema nimrudishe, kesho namrudisha."

Kinyozi akaachia wavu. Alikuwa anatazama mikono yake. "Humu kuna wazee," akasema. "Wanalala karibu na ndoo ya choo, kwa sababu hawana nguvu za kugombania nafasi. Usimrudishe." Kisha akajikuna kichwa. "Mimi nimepata kazi. Nawanyoa. Wembe siruhusiwi, nawanyoa kwa mashine ya askari. Lakini Sponji, usinisahau humu. Usiku kunakohoa chumba kizima."

Tangu siku hiyo Sponji hakuvuta tena. Hakutangaza wala hakuja kushuhudia mbele ya kanisa, ingawa mama alimngoja kila Jumapili. Aliacha tu. Barafu alijaribu kuacha pamoja naye, akaacha kwa zamu, leo ndiyo kesho hapana.

Walijaribu kumtafuta huyo bosi wa baiskeli wamwombe afute kesi. Walikwenda watatu, na mzee amevaa shati la baba yetu. Nyumba ilikuwa imefungwa, mlinzi mpya yuko getini.

"Bosi yupo?" akauliza Barafu.

"Alihama."

"Atarudi saa ngapi?"

"Nimekwambia alihama. Amehama mji."

"Hakuna neno," akasema Barafu, akakaa chini. "Tutasubiri."

Walisubiri mpaka jua likazama, kwa sababu Sponji naye aliona huenda mtu aliyehama amesahau kitu. Nilicheka waliponisimulia. Ilikuwa mara ya mwisho mimi na mdogo wangu kucheka pamoja mpaka machozi, na mama alikuja kutuuliza kuna nini.

Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Kila tarehe Sponji alikuwepo, shati limepigwa pasi, chumba cha tatu. Na kifua chake kilikuwa kinabana. Tangu utotoni alikuwa na pumu. Vumbi la sponji na pamba lilimkalia humo miaka yote, na juu ya vumbi aliweka moshi. Daktari alimwambia aache karakana apumzike. Alisema atapumzika Kinyozi akitoka. Nilimwambia mapafu hayasomi tarehe za mahakama. "Kweli kabisa, dada," akasema, akarudi kugonga misumari, ila sasa aliipokea mmoja mmoja kwa mzee, hakuweza tena kuishika mdomoni na kupumua.

Siku kesi ya mzee ilipokwisha nilikuwepo. Sponji alisimama ameegemea ukuta, midomo imefifia rangi. Mlalamikaji hakutokea, kama ambavyo hakutokea mara zote zilizotangulia, na hakimu akaifuta kesi kwa maneno machache, akaita inayofuata. Mzee hakuelewa. Sponji akamnong'oneza, "Imekwisha, babu. Uko huru." Mzee aliinama mbele ya hakimu mpaka karani akamwambia inatosha.

Sponji hakwenda nyumbani. Alivuka ukumbi mpaka chumba cha pili, yeye na Barafu, wakaandikisha majina yao kumdhamini Kinyozi, wakapewa tarehe ya wiki inayofuata. Alitoka anatabasamu. Kwenye ngazi za nje, ngazi za kushuka, miguu ikakataa. Mzee na Barafu walimbeba mpaka barabarani, na kutoka hapo tukampeleka hospitali.

Alilazwa wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha, mirija ya hewa puani. Mama alikaa naye mchana akimsomea zaburi, mimi nilikuja nikifunga kazi, na mzee alikaa hapo muda wote, kwa sababu manesi walidhani ni babu yetu na hakuna aliyewasahihisha. Siku moja Sponji alinivuta kanga.

"Dada, nisipopata nafuu uende wewe."

"Utapata."

"Uende wewe. Chumba cha pili. Na utazame uso kwanza."

Nilimwambia nitatazama.

Siku ile ile, kwenye benchi la nje ya wodi, niliona ni vizuri mzee ajue ukweli. Nilikuwa nimeubeba muda mrefu na haukunikaa vizuri moyoni. Nilianza kumwambia kuhusu mwanawe, kwamba wale vijana kwa kweli hawakutumwa.

"Najua, binti," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu getini. Mmoja alisema wawili, mwingine akasema watatu." Alikuwa anazungusha kofia mikononi. "Mwanangu hajui hata kama nilikamatwa. Hatusemezani."

"Sasa mbona hukuwaambia?"

"Ningewaambia nini? Walikuwa wanajitahidi sana. Na huyu mdogo wako, kila jioni akija na habari mpya za hao wajukuu. Mmoja alikuwa ameanza kutembea." Akaiweka kofia gotini. "Niliogopa akijua kwamba najua, ataacha kunisimulia."

Nilitaka kusema neno kuhusu uongo, nikaacha. Niliomba pale pale kimyakimya, nikimwambia Mungu kwamba hesabu hii ni yake, mimi sina elimu ya kuifanya.

Usiku wa kuamkia siku aliyofariki, tuliambiwa anaendelea vizuri, twende tukalale. Mzee hakwenda. Asubuhi, kabla mama hajafika na zaburi zake, ndipo alipokuja kusimama mlangoni pangu bila kubisha hodi.

Ndugu kutoka mbali walifika, na hawakuweza kukaa muda mrefu, wala mchungaji hakuwa na nafasi nyingine. Mazishi yakaangukia tarehe ile ile ya Kinyozi. Nilimwambia mama kwamba nitatuma mtu mahakamani akaombe tarehe nyingine. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Miaka yote hakuwahi kulitamka jina la Kinyozi bila kuguna.

"Uliahidi au hukuahidi?" akaniuliza.

"Niliahidi."

"Basi nenda. Ibada ni mchana. Mtoto wa watu amekaa huko vya kutosha."

Nilikwenda na gauni langu jeusi, Barafu kando yangu. Alikuwa hajavuta. Chumba cha pili. Nilitazama uso kwanza. Alikuwa yeye, amesimama kizimbani, anatazama mlangoni juu ya vichwa vya watu, na nilijua anamtafuta nani. Akaniona mimi. Akaliona gauni. Sikuwa nimefikiri hata mara moja kwamba hakuna aliyemwambia.

"Wewe ni nani wa mshtakiwa?" hakimu akaniuliza.

"Ni rafiki wa mdogo wangu, mheshimiwa."

"Mdogo wako ndiye aliyeandikishwa hapa. Yuko wapi?"

"Amefariki, mheshimiwa. Tunamzika leo."

Kinyozi alishika mbao ya kizimba. Alikaa chini, na askari aliyekuwa nyuma yake, badala ya kumwambia asimame, alimwekea mkono begani. Hakimu alivua miwani, akanipa pole, akaendelea na kazi. Aliuliza maswali yake, nikajibu, Barafu akajibu, tukatia sahihi. Safari hii nilisoma kila mstari.

Lakini mtu hatoki mahakamani moja kwa moja. Ilibidi arudishwe gerezani na wenzake, karatasi zifuate, zitiwe mihuri. Barafu akasema atasubiri yeye. "Nenda, dada," akaniambia. "Kusubiri ndiyo kazi ninayoijua."

Kanisa lilijaa kuliko nilivyotarajia. Wateja wa makochi walikuja, na yule mama wa jino alikuwa mstari wa tatu. Nikasoma ule wasifu. Jeneza lilifunguliwa, tukapita. Walikuwa wamemvalisha shati jeupe la mahakamani. Mama alimgusa paji la uso, akamwita kwa jina lake la ubatizo, mara hii pasipo kosa lolote. Kisha likafungwa.

Makaburini tulimngoja Kinyozi kadiri mchungaji alivyoweza. Alitazama saa, akamtazama mama, mama akaitikia kwa kichwa. Jeneza likashushwa kwa kamba. Mchungaji akasoma, akatupa udongo, mama akatupa, nami nikatupa. Wanaume wakashika makoleo. Mzee alikuwa miongoni mwao, na kijana mmoja alipotaka kumpokea koleo alikataa.

Shimo lilikuwa limejaa nusu walipofika, Barafu mbele, Kinyozi nyuma yake, amevaa shati alilokamatwa nalo, limepauka. Wanaume wakasimama. Kinyozi aliuliza kama anaweza kumwona. Mchungaji akamwambia haiwezekani tena. Akaitikia, akasimama pale ukingoni kidogo. Mzee akamsogelea, akamtazama, akampa koleo lake.

Kinyozi alijaza udongo mpaka ukalingana na ardhi, kisha ukawa tuta, hakupokelewa na mtu. Barafu aliusawazisha kwa ubapa wa jembe. Tukaweka mashada, msalaba ukasimikwa, tukaimba ubeti mmoja kwa sababu sauti za wanawake zilikuwa zimekwisha. Mchungaji akaomba, tukaitika amina. Watu wakaanza kuondoka wawili wawili. Mama alimshika mkono Kinyozi, tukatembea kwenda nyumbani.